Mgeni Siku Mbili

Nyumba yetu, inayoendeshwa kwa sauti, humtoza ada kila mkazi anayeongea nayo, ila mgeni husamehewa siku mbili. Ili kubana matumizi, tukamwandikisha mama mkwe wangu, Bi Mwanakheri, kuwa mgeni, katika nyumba aliyoijenga kwa jasho lake. Kila siku ya tatu alikuwa akitoka nje, barazani, na kubisha hodi upya.

“Karibu, mgeni,” mlango ulimjibu, na taa na bomba vikamtii tena. Tulicheka naye.

Leo asubuhi nimemkuta amefunga kanga zake kwenye furushi.

“Mmenikirimu vya kutosha, mwanangu. Nisindikize kwetu.”

“Kwenu ni hapa, mama!”

Akatabasamu, kwa haya ya mtu asiyetaka kumbishia mwenyeji wake, akaugeukia mlango.

“Kwaheri, mgeni,” mlango ukasema, ukafunguka.