Beseni la Simu

Zuleka alimtaja Rahema kabla hajakaa vizuri kitini.

"Ni yeye alirekodi. Ni rafiki yangu, lakini ni yeye."

Wakili Ruguru, ofisini kwake Embu mjini, alimwangalia kwa upole. Sheria humlinda mtunzi, alisema, hata wimbo ukishasambazwa Kenya nzima. Ila kumshtaki mtu si mchezo. "Una hakika, mama?"

Hakika alikuwa nayo. Kwao Majengo, Meru, bi harusi mwenye kujiheshimu huimbiwa wimbo wake mwenyewe, na mtunzi ni Zuleka. Wanawake huacha simu mlangoni, kwenye beseni lililofunikwa leso, ili ya ndani yabaki ndani. Siku ya harusi ya Ilhan, mlinzi wa beseni alikuwa Rahema. Wiki hiyohiyo wimbo wa Ilhan ukazagaa mtandaoni, na chaneli isiyojulikana ni ya nani ikajiandikisha kuwa ndiyo mmiliki. Sasa waliokuwa wamemwagiza nyimbo wanajitoa mmoja mmoja. Nani atake wimbo ambao kesho utalia kwenye kila bodaboda?

Habari aliletewa na binti yake, Samsam, ambaye pia ndiye aliyempeleka Embu. Zuleka mwenyewe hutumia kabambe, simu ndogo ya vitufe isiyofungua video.

"Niwekee kwa simu yako nisikie," alimwomba.

"Wachana nayo, mum. Itakuumiza bure. Si ni Rahema alikuwa na simu zote?"

Wakili alipompigia Rahema, Rahema hakungoja. Alikuja mbio hadi kwa Zuleka. Nyumba aliyozoea kuingia kama kwake, leo alisimama nje na kupiga hodi.

Zuleka hakumkaribisha. Chini ya hasira yake kulikuwa na uchungu ambao hakutaka kuonekana nao.

"Umeniuza, Rahema. Wewe ulinishika mkono nikimzaa Samsam, na leo umeniuza."

"Wallahi sijarekodi!" Machozi yalikuwa yakimtiririka. "Mimi nimesikia huko mtandaoni kama watu wengine. Na nimeskia vibaya pia, kwa sababu ulituficha."

"Niliwaficha nini?"

"Ule ubeti wa kumkumbuka marehemu babake Ilhan. Ni mtamu hivyo, mbona hukutuimbia siku ya harusi?"

Zuleka alishika fremu ya mlango.

Ubeti huo aliuondoa asubuhi ya harusi, baada ya mamake Ilhan kumsihi asiwalize watu. Alikuwa ameuimba mara moja tu, jikoni kwake, jioni stima ilipopotea. Samsam alikuwa amesimama mbele yake, ameinua simu, akimmulikia.