Mpaka Tokyo

Siku hizi kila mtu huzaliwa na fungu lake la anga, yaani kiasi cha safari za ndege. Wanawe na familia zao wanaweza kulitumia, ila akifa, fungu nalo hufa. Bi Mwanasha hakuwahi kupanda ndege hata siku moja, na sasa mapafu yake yalikuwa yamechoka. Ndiyo maana bintiye, Mishi, alikaa ukingoni mwa kitanda chake, ramani mapajani, akipanga safari: Istanbul, Delhi, Tokyo.

"Tokyo tuiache," mumewe Khelef alimnong'oneza. "Mama akituondokea tukiwa huko, tiketi za kurudi zinakufa papo hapo. Tutakwama ugenini na watoto."

"Na likizo nyingine nitaipata lini? Fungu letu lenyewe tulilimaliza kwenye fungate."

Bi Mwanasha akafumbua macho. "Niwekeeni ile mashine ya kupumua," alisema. "Mtafika huko Tokyo na mtarudi."

Marehemu baba alipowekewa mashine hiyo, Bi Mwanasha aliwaapisha wanawe kwamba yeye wasije wakamtesa vile. Mishi aliyakumbuka maneno hayo yote. Akainamia ramani.

"Tukuletee zawadi gani, mama?" aliuliza hatimaye.

"Kitambaa cheupe. Kirefu."

Mishi akajifanya hakuelewa. Akaenda ukumbini kumpigia simu muuguzi alete mashine, na muuguzi akauliza izimwe lini. Mishi akataja siku yao ya kurudi. Halafu akakumbuka kwamba ndege huchelewa, akaongeza siku moja.