Waya wa Saba

Bisibisi aliandika waya wa kwanza mpaka wa sita bila kuinua kalamu. Alipofika wa saba akasimama makusudi, akajikuna kidevu.

"Huu umenitoka kidogo," alisema.

Haukuwa umemtoka. Alitaka tu kumwona mgeni wake akihangaika.

Mgeni alikuwa injinia wa kampuni, mwanamke aliyeingia kiwandani miaka tisa iliyopita na digrii mbili, hajui hata kuchomelea waya mmoja. Bisibisi ndiye aliyemfundisha. Mwaka jana kampuni ikamfukuza Bisibisi kwa kuwa hana cheti hata kimoja, na meza yake akapewa huyuhuyu. Tangu siku ile hata simu hakupiga. Leo ameingia na karatasi tupu mkononi, shikamoo baba, habari za siku nyingi baba.

Alitaka maelezo ya bodi ya pampu ya dawa, ile mashine inayosimama kando ya kitanda cha mgonjwa na kumsukumia dawa mshipani tone kwa tone. Kwenye bodi ile chipu zina nyaya za riseti. Chipu ikiganda, draiva, programu ndogo iliyomo ndani ya kerneli, kiini cha mfumo wa mashine, huvuta waya, chipu ikazima na kuamka upya. Lakini draiva ni kipofu. Haijui waya upi ni wa nani mpaka mtu aiandikie orodha. Na bodi ile aliichora Bisibisi mwenyewe.

"Faili lako la zamani halionekani kwenye kompyuta," injinia alikuwa amemwambia. "Iandike orodha tena, baba. Kwa mkono wako, bila kuangalia popote. Mwisho uweke saini."

Halionekani! Bisibisi alicheka moyoni mpaka mbavu zikamuuma. Jengo zima la wasomi, faili moja limewashinda kutunza.

Waya wa saba ulikuwa na wenyewe wawili. Uliamsha kioo cha mashine, sawa, lakini pia uliungwa kwenye chipu inayohesabu dawa. Ukiuvuta pampu ikiwa kazini, kioo kinawaka vizuri kabisa, ila hesabu inarudi sifuri, na mashine inamsukumia mgonjwa dozi nzima upya. Kwenye faili la zamani Bisibisi aliandika onyo hilo kwa herufi kubwa: USIVUTWE PAMPU IKIFANYA KAZI.

"Fikiria taratibu, baba," injinia alisema. "Sina haraka."

"Huna haraka? Siku hizi mnalipwa kwa kukaa?"

Hakucheka. Alikuwa ukingoni mwa kochi, viganja amevibana katikati ya magoti, macho yameganda kwenye ncha ya kalamu.

"Mpe mtoto wa watu anachotaka aende zake!" mke wa Bisibisi alipaza sauti kutoka jikoni. "Unamringia nini?"

"Tuache, mama. Tuko kazini."

"Kazi gani tena? Si walikufukuza?"

Lilimwingia hilo, likakaa. Bisibisi akainamisha kichwa, akaandika: *Waya wa saba: kioo tu.*

Alishaiona picha yote. Siku ya majaribio, pampu mezani, ndoo ya maji chini, wanunuzi wamejipanga na mkurugenzi na tai yake. Kioo kinaganda, draiva inavuta waya wa saba, maji yanafurika mpaka kwenye viatu vya wakubwa. Wangekuja hapa kwa magoti. Na yeye angewaacha wasimame mlangoni kwanza, wasalimie mara mbili.

Habari ya mgonjwa ilimpitia kichwani. Akaifukuza kama nzi. Mashine haitoki kiwandani bila kujaribiwa.

Injinia alivuta karatasi, akasoma. Akasoma tena.

"Kioo tu?"

"Kioo tu."

"Hakuna chipu nyingine kwenye waya huu?"

"Bodi hii nani alikufundisha, mimi au digrii?"

"Ni wewe, baba. Ndiyo maana nauliza." Akairudisha karatasi mezani, akaisukuma kwa kidole. "Ipitie tena kabla ya kusaini. Nakuomba."

Nakuomba! Mwaka mzima Bisibisi alikuwa akilisubiri neno hilo, alale nalo, aamke nalo. Alilisikiliza likimshuka tumboni kama uji wa moto. Hakuipitia karatasi. Alisaini kwa herufi kubwa kubwa, akapiga mistari miwili chini ya jina lake, akaandika tarehe.

"Haya. Kawape mabwana zako."

Injinia aliichukua karatasi lakini hakuinuka. Machozi yalianza kumdondoka, na yeye wala hayafuti.

"Sasa unalia nini?" Bisibisi alisema. "Au ndivyo mlivyofundishwa chuoni?"

"Faili lako halijapotea, baba. Liko polisi, na kwenye waya wa saba limeandikwa hivihivi, 'kioo tu', na wagonjwa wanne wamekufa. Ofisi nzima imeapa kwamba ni wewe uliyeandika hivyo. Mimi peke yangu nilikataa, nikawaambia kuna mtu amelichezea, mpeni mzee karatasi tupu mtaona."