Mafuta ni Thuluthi Tu

Mhasibu alipandisha tairi mbili ukingoni mwa barabara, akalipita lori kwa kushoto, akarudi kwenye lami huku honi zikimtukana. Kwenye kiti cha nyuma shemeji yake alikuwa amelala ubavu, amekandamiza kitambaa cha kufutia mashine chini ya mbavu. Kitambaa kilikuwa cha bluu. Sasa usingejua.

"Usilale, shem. Ongea nami."

"Nikiongea inavuja."

"Basi nyamaza. Lakini usilale!"

Kwenye kona ya maduka msongamano ukawabana. Watu walikuwa wamemzingira mtu aliye chini. Alikuwa mchuuzi wa miwani; wengi walikuwa wamemwona akichomoka mbio mlangoni mwa karakana ya shemeji, na papo hapo sauti ikapaa: "Mwizi! Kaua!" Hakufika mbali. Sasa mateke yalimshukia bila mpangilio, tumboni, mgongoni, usoni. Miwani ilikuwa imetapakaa barabarani, viatu vinaisaga. Jamaa mmoja akanyanyua tofali kwa mikono miwili.

"Simamisha," shemeji akasema.

"Utakufa."

"Simamisha gari, wanamuua yule!"

Mhasibu akapandisha kioo, akabonyeza honi bila kuachia mpaka wakampa njia.

Gari hili ndilo lililowaharibia salamu. Shemeji, kaka wa mkewe, alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, mcheshi, mwenye kifua cha watu wawili. Aliliazima kila wiki kupeleka mageti kwa wateja, akalirudisha limejaa kutu na mikwaruzo, akatupa funguo mezani: "Nimeshaweka mafuta. Hatudaiani." Mhasibu alitabasamu kwa ajili ya mkewe, huku roho inamuuma.

Jumapili moja akajifungia chumbani akapiga hesabu ya kweli, kama anavyoipiga ya kiwanda cha rangi kinachomlipa. Matairi, oili, breki, bima, springi zilizolala kwa uzito wa vyuma, na ile gharama ambayo watu hawaioni, thamani ya gari inayoshuka kila gurudumu linapozunguka. Akagawa kwa kilomita. Mafuta yalikuwa thuluthi tu. Thuluthi mbili alikuwa akizibeba yeye, kimyakimya, na wanawe walikuwa wamerudishwa nyumbani kwa ajili ya ada.

Mchana huu alimpelekea hesabu hiyo karakanani. Shemeji aliisoma mpaka mwisho, akacheka hadi akashika meza.

"Kwa hiyo dada yangu naye unamtoza kwa kilomita?"

Akaitumia karatasi ile kufutia grisi vidoleni.

Sasa mhasibu angelitoa gari lenyewe, injini na kila kitu, ili amsikie tena akicheka vile.

"Shem," sauti ikatoka nyuma, imekonda. "Bado mbali?"

"Tumefika. Tumeshafika."

"Nitakuwekea mafuta."

Mhasibu akaangua kilio. Alilia kwa sauti, kamasi zikimtoka, mguu wake umekanyaga mafuta mpaka mwisho, hadi alipogonga kizuizi cha geti la hospitali na kukivunja.

Wakamtoa shemeji kwa machela. Muuguzi akalipasua shati kwa mkasi, damu ikaruka ikampiga kidevuni. "Moja kwa moja upasuaji!" daktari akafoka. Walikuwa katikati ya ukumbi gari la polisi lilipoingia getini, na mchuuzi wa miwani akashushwa na kuletwa ndani. Jicho moja lilikuwa limefumba kabisa. Mkono ulining'inia kama si wake. Taya lilikuwa limehama, akawa anakoroma tu pale alipotaka kusema.

Askari akaizuia machela kwa goti. "Sekunde moja, daktari. Bwana, ndiye huyu aliyekuchoma?"

Shemeji akamtazama mchuuzi. Kisha akamgeukia mhasibu, mume wa dada yake, baba wa wapwa zake, akamtazama kwa muda mrefu.

"Siye," akasema. "Mwacheni aende."

"Ni nani, basi?"

"Sikumwona."

Akafumba macho. Machela ikasukumwa, milango ikajifunga nyuma yake.

Askari akakuna shingo. "Damu imemtoka nyingi, hajui anachosema." Akamgeukia mhasibu. "Wewe ulikuwepo. Huyu tukimwachia getini hapo, wale waliokuwa wakimpiga watammalizia. Na kama ndiye, hatoki jela maisha yake yote. Sema kweli. Ni yeye, au siye?"

Mchuuzi akamwinulia mhasibu jicho lake moja lililobaki. Halikupepesa.

Mhasibu akauficha mfukoni mkono wake wa kulia, ule uliozamisha bisibisi chini ya mbavu za shemeji yake.

"Ndiye," akasema.