Chipukizi wa Hélène

Walipomwangusha Price mara ya tatu kwenye televisheni ya ukutani, damu ilimchuruzika puani hadi kwenye jezi nyeupe, na Hélène akajifunika uso kwa mkono wa kulia. Wa kushoto haukufika. Ulikuwa umepinda kwenye kiwiko tangu Uvira, ambako alisema aliteleza ngazini.

"Inatosha, papa," alinong'ona. "Inatosha."

Papa, ndivyo akina mama wa Kongo wanavyowabembeleza watoto wao wa kiume. Bakiri alimsikia, roho ikamuuma.

Ilikuwa Jumapili jioni kwa Alexis, mgahawa mdogo wa Yeoville, Johannesburg, ambako soka ikiisha watu hubaki kutazama mpira wa Kimarekani. Walianza kwa kuucheka. Sasa msimu mzima Bakiri, Mtanga anayelinda geti kule mtaa wa Observatory, na Hénock, muuza simu wa karibu na robot, zile taa za barabarani, walikuwa hawaishi kubishana juu ya chipukizi wawili, Tolliver na Price, warushaji walioingia ligi mwaka huu. Hénock alikuwa upande wa Tolliver, Mzungu wa nywele nyekundu: anarusha mbali, na mpira unamfikia mwenzake kifuani. Ndiyo, Bakiri humjibu, na siku nyingine unamfikia adui kifuani. Price, kijana mweusi, anarusha karibu lakini mpira haupotezi, na akikumbwa anainuka. Kurusha hata muuza nyanya anarusha. Mrushaji hupimwa akishaangushwa. Wengine wote uwanjani, kwao, walikuwa miili ya kusukumana tu.

Na Hélène? Huyo ni msusi wa nywele ambaye Bakiri alikuwa akimzungukia mwaka mzima, mpaka majirani wakachoka kumtania. Habari ya dini walimwachia Mungu. Hélène alimpa sharti moja tu: anataka nyumba yenye utulivu. Bakiri akacheka, akasema utulivu ndiyo kazi yake, si ndio analipwa kuulinda? Leo alikuja kutaka jibu.

Ila jana yake, vidole vikiwa kichwani mwa mteja, Hélène alimtolea siri, akamwapiza asimwambie mtu. Alikuwa na mwana. Alimpeleka kwa dada yake Texas angali mdogo, na sasa anacheza mpira huohuo. Ni chipukizi, mwaka wake wa kwanza. Kesho zile timu mbili mnazobishania zinakutana, akasema, naye yumo. Nimtazamie wapi?

Bakiri hakuhitaji kuuliza zaidi. Tolliver ni Mzungu. Amebaki nani?

Kwa hiyo kila Price alipobwagwa, Bakiri alibwagwa naye. Na leo walimbwaga kwelikweli. Upande wa Tolliver kulikuwa na mtu mmoja mkubwa ajabu, nambari tisini na nne, aliyekuwa akimwandama tangu mwanzo. Alimnyanyua mzimamzima, akamtupa chini, akamkandamiza kichwa majanini kabla ya kumwachia. Kila mara Hélène aliinua macho, akatazama kidogo, akayainamisha.

Hénock alikuwa kwenye raha zake. Alipiga meza, akatangaza kwamba Price ni wa karatasi. Bakiri alimwomba apunguze sauti. Akamwomba tena. Eish, akasema Hénock, huu ni mpira, nani kafiwa hapa? Halafu akaigeukia televisheni.

"Mvunje huo mkono! Uvunje, aje arushe kwa meno!"

Hélène alitoa sauti ndogo, ya mtu aliyekanyagwa. Basi. Bakiri hakujua aliondokaje kitini. Ngumi ya kwanza ilimpata Hénock mdomoni. Ya pili ilimkuta yuko sakafuni, chupa zimemwagika, jino limetua kwenye sahani ya fufu ya mtu. Alexis akamkamata kiunoni kumvuta nyuma. Bakiri akajichomoa, akarudi, akamshindilia Hénock teke la mbavu. Watu wakasukumana mlangoni. Hénock akajikunja, akasema basi kaka, basi, na Bakiri akasimama juu yake akihema, mikono ameitanua, akijiona mwanamume kuliko siku yoyote tangu aingie Johannesburg.

Kule ukutani mchezo ulikuwa unaendelea. Tisini na nne alipenya. Aliudaka mkono wa Price ukiwa nyuma, tayari kurusha, akaanguka nao kwa uzito wake wote, na ule mkono ukakunjika pasipo na kiungo. Tisini na nne akainuka, akavua kofia yake ngumu, akasimama juu ya mwenzake anayegaagaa, akatanua mikono, akaanza kucheza.

Bakiri alimkimbilia Hélène. Damu ya Hénock ilikuwa ikimdondoka vidoleni. Akapiga goti mbele ya kiti chake.

"Pole, mama. Mwanao atapona. Na mimi nipo, hakuna atakayewagusa tena."

Hélène aliitazama ile mikono kwa muda. Kisha akachukua mkoba wake, akasimama, akainua kile kiwiko kilichopinda na kukielekeza ukutani, kwa yule aliyekuwa bado anacheza.

"Mwanangu ni huyo," alisema. "Nilimpeleka mbali asije akajifunza kwa baba yake."