Nani Atamkumbatia Nungunungu

Siku ya mahafali yangu nililia begani kwa mgeni rasmi nikidhani ni mjomba, nikamwachia kamasi kwenye tai. Nungunungu yalimkuta makubwa zaidi.

Wanyama walipomaliza kidato cha nne, yeye ndiye aliyetoa hotuba ya kuaga kwa niaba ya wenzake. Alimcheka Fisi kwa kuramba masufuria ya jikoni, akamcheka Kobe kwa kufika kunywa uji wa asubuhi wakati wenzake wanakula maharage ya mchana. Darasa zima likaangua kicheko. Kisha machozi yakamtoka mwenyewe.

“Jamani, hata mmoja wenu anikumbatie.”

Wote wakaitazama miiba yake, wakarudi nyuma.

“Kobe, kaka, gamba lako halichomeki. Njoo basi.”

“Nakuja,” Kobe akamjibu, amekaa palepale. “Ila unanijua, mimi huchelewa.”