Jumamosi za Msanzi

Rozina alikataa kupakatwa. Alijinyonganyonga mikononi mwa Kristiana, akateleza, akakimbilia khanga ya Luciana na kujifunika uso.

"Msalimie dada," Luciana alimwambia. "Dada katoka mjini, katoka shule."

"Kamoo dada," sauti ikatoka ndani ya khanga.

Marahaba ya Kristiana ilichelewa kidogo. "Wiki iliyopita alinijia mwenyewe, mama."

"Wiki iliyopita ulikuja na biskuti."

Wakacheka, lakini Kristiana ndiye aliyeacha kwanza. Akaketi kwenye turubai uani, mbele ya rundo la mahindi, akaanza kupukuchua na sweta lake la shule mwilini. Baridi ya Julai ilikuwa imeshuka, na upepo ulibeba makapi ukayamwaga kwa jirani. Luciana akakaa upande wa pili wa rundo. Punje zikaanza kurundikana kati yao.

"Mama, shuleni wananitaka nigombee dada mkuu."

Mikono ya Luciana ikasimama. "Nani wanakutaka?"

"Matroni. Na wasichana wa bweni. Barua za maombi mwisho Jumatatu."

"Sasa si uombe?"

Kristiana akachagua hindi jingine. Alikuwa kidato cha tatu, na kila mtu alijua kwamba akisimama mbele ya wenzake wananyamaza na kumsikiliza. Lakini dada mkuu haendi nyumbani. Wenzake wakiomba ruhusa za mwisho wa wiki, yeye hubaki na bweni: wanaoumwa, wanaogombana, waliopigiwa simu ya msiba. Na tangu aanze shule ile, Kristiana hakuwahi kukosa gari la kuja kwao Msanzi siku ya Jumamosi. Mvua ilinyesha akaja. Malaria ilimshika, akaja anatetemeka.

Jana yake darasani, Hamida, rafiki yake ambaye kwao wana duka pale mjini, alikuwa amemcheka mpaka machozi.

"Yaani shoga, unaacha cheo ili ukamwone mdogo wako? Mimi kwetu Chanji wako watano. Nikisikia sauti zao najifungia chooni. Njoo uchukue wawili, uongezee!"

"Nipe hata wote."

"Nakupa na bibi yangu juu yake. Andika barua, bwana. Usituletee ule ugonjwa wako."

Ule ugonjwa. Shuleni walijua kwamba Kristiana aliugua akakaa nyumbani zaidi ya mwaka, ndipo akahamia pale, na ndiyo maana aliwazidi wenzake umri. Hakuna aliyeuliza zaidi.

"Nikiwa dada mkuu, mama, nitakuja likizo tu," alisema sasa.

"Najua."

"Rozina atanisahau."

Luciana alifuta mikono kwenye khanga, juu ya kichwa cha mtoto. "Nikwambie kitu, hutanuna?"

"Niambie."

"Kila Jumamosi unakuja. Unamwogesha, unamlisha, unamwimbia. Jumapili unapanda gari. Nani anabaki naye akigoma kula? Mimi. Akiamka anazunguka nyumba anakutafuta, nani anamtuliza? Mimi. Sasa ameanza kuzoea, Kristiana. Umeona mwenyewe, hakukimbilii tena. Nakuonea huruma, mwanangu, lakini nashukuru."

"Unashukuru, mama?"

"Baba yako alisemaje ile siku unarudi shule? Kama unarudi, rudi mzima. Usiache mguu mmoja hapa."

"Alisema."

"Na ulikubali."

"Nilikubali."

Luciana akalainisha sauti. "Wewe una kichwa. Mimi sikumaliza hata la nne. Nataka siku moja niitwe huko shuleni, nivae gauni langu la Pasaka, nikae mbele kabisa, niwaambie wale kina mama wa mjini, yule anayeongea pale ni wangu. Hao wengine wanaogombea wana nini ambacho wewe huna?"

Kristiana aling'oa punje za hindi lake moja moja. Alikitaka kile cheo. Hapo ndipo palipomuuma. Usiku mwingine alijiona mbele ya paredi, beji kifuani, sauti yake ikifika mpaka mstari wa nyuma, akafurahi peke yake kitandani. Kisha akaikumbuka Jumamosi, na ile furaha ikamtia aibu kama kitu cha wizi.

"Nitafikiria," alisema. "Jumatatu bado."

"Fikiria. Ila ukishaamua, basi. Huyu siyo wa kuvutwa huku na huku."

Rozina alikuwa ameshatoka ndani ya khanga. Alikuwa anamfukuza kuku, tumbo mbele, mikono hewani, akimtukana kwa maneno aliyoyajua mwenyewe. Kuku akapita chini ya kamba ya mbuzi. Rozina hakuiona kamba. Akaanguka kifudifudi kwenye changarawe, akanyamaza kidogo kama watoto wanavyofanya wanapovuta pumzi ya kulilia, kisha kilio kikapasuka.

"Mama!"

Wakainuka wote wawili.

Luciana hakwenda. Alisimama pale pale, akamtazama Kristiana, akangoja.

Kristiana akaketi. Akaokota gunzi lisilo na punje hata moja, akaendelea kulisugua kwa kidole gumba, akamwacha mama yake aende kumnyanyua mjukuu.